Utepe Mwekundu wa Bwana Tone

Mtu mzima asiyewaamkia wakubwa zake ana moja kati ya sababu mbili: ama hakulelewa, ama amesoma kupita kiasi. Bwana Tone alikuwa nazo zote mbili. Siku niliyokwenda kwenye maabara yake alinikuta mlangoni, akasimama, akanyoosha shingo, akangoja mimi nimwamkie yeye. Mimi, niliyekuwa nimekwisha kuzaa wakati mama yake bado anamfuta kamasi! Nikamtazama tu. Yeye na shingo yake, mimi na kimya changu, tukakaa hivyo mpaka mjukuu wangu akanivuta mkono.

Jina la Tone sikumpa mimi. Walimpa wanafunzi wake, naye analipenda kwa sababu ndiyo sifa yake yote duniani. Zamani, nywele zake zingali nyeusi bila msaada wa dukani, aliandika kwamba elektroni, zile punje za umeme, zikifungiwa mahali padogo mno na kutiwa kwenye sumaku kali, hukusanyika zikawa kama tone moja la maji, zimebanana, zimetulia, haziachani. Watu wa mambo hayo wakampigia makofi. Tangu siku hiyo hajaandika kitu kingine. Kuku naye akitaga yai hutangaza mtaa mzima, lakini angalau kuku kesho yake hutaga jingine.

Mjukuu wangu namwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuchoma kwake. Nimemlea mimi, maana mama yake anashinda kiwandani akishona mikono ya mashati, mikono tu, hajawahi kushona shati zima. Sindano ndiye mwanafunzi wa Bwana Tone. Na ndiye aliyenieleza habari za nukta, jikoni, huku anamenya viazi na kunikatia maganda mazito kama soli, kwa mawazo.

"Ni kipande cha jiwe, Bibi, kidogo kama ukucha. Juu yake pana nyaya nyembamba kuliko unywele. Tukizitia umeme zinajenga ukuta usioonekana, na katikati ya ukuta panabaki kiuwanja kidogo. Hicho kiuwanja ndiyo nukta. Humo naingiza elektroni moja moja."

"Umeingiza ngapi?"

"Sasa hivi sita."

"Sisi humu ndani tuko watatu, na tayari nakanyagwa."

"Basi na zenyewe hazipendani. Zinasukumana. Lakini nikileta sumaku, inazizungusha, kila moja na kiduara chake. Nikiongeza nguvu viduara vinakuwa vidogo, zinabanwa, zinakaribiana. Tena kila moja ni kama kisumaku chenye kichwa na mkia. Nguvu ikizidi, zote zinageuza vichwa upande mmoja."

"Kama wanafunzi wa Bwana Tone."

Alicheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. "Hapo ndipo lilipo tone lake. Hapo hakukosea."

"Na ukiongeza tena?"

"Ndilo swali, mke mwenzangu. Hakuna aliyewahi kuongeza tena."

Nikataka kujua kwa nini, akanieleza, na hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu chooni. Mashine inayopandisha nguvu ya sumaku ina kioo cha mviringo chenye mshale, kama saa ya mkono mmoja. Juu ya kioo hicho pamebandikwa utepe mwekundu mwembamba. Mshale ukifika kwenye utepe, watu wanaacha. Mwanafunzi mgeni huambiwa siku ya kwanza: choo kile, chai pale, na hapa usipite. Wapo waliosema ukipita sumaku itaungua. Wapo waliosema paa litaruka. Mmoja alisema atakayepita hatazaa. Wamefika pale watu na shahada zao na miwani yao, wakaenda mpaka kwenye utepe, wakarudi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani kaubandika.

Sindano aliuliza. Alimuuliza Fundi Baridi, mtu anayetunza mtungi mkubwa wa heli, ile gesi inayopozwa mpaka ikawa maji. Nukta inalala humo, na sumaku imeizunguka. Fundi Baridi ni mtu wa maneno machache, nadhani mengine yamemgandia tumboni.

"Ule?" akamwambia. "Aliubandika Profesa mwenyewe, zamani. Mchoro wake uliishia hapo. Akasema kupita hapo ni kumwaga heli bure, hakuna la kuona."

"Kwa hiyo sumaku haiungui?"

"Iungue kwa lipi? Inakwenda karibu mara mbili ya hapo. Hakuna aliyeniuliza."

Nyumba nzima ya wasomi, miaka yote hiyo, wanaogopa gundi.

Basi Sindano akapita utepe. Kwenye skrini yake kuna mstari unaoonyesha jinsi umeme unavyopenya kwenye nukta, na mstari huo ndio macho yake, kwani elektroni zenyewe hazionekani. Mstari ukaenda laini kama uzi uliopakwa nta, ukapita utepe, ukaenda mbele kidogo, kisha ukavunjika goti. Tone lilikuwa limepasuka. Zile sita zilichoka kubanwa, zikahama, zikaenda kusimama kila moja mbali na mwenzake. Sindano alikisia kwamba tano zilisimama pembeni kwa duara na moja ikabaki katikati.

Na hapo mtoto wa watu akakosea. Alidhani mtu aliyeandika mwanzo wa hadithi atafurahi kuletewa mwisho wake. Akampelekea Bwana Tone ule mchoro. Bwana Tone akautazama kama mtu aliyeletewa kinyesi cha paka kwenye sahani ya wageni.

"Nukta yako imepasuka," akasema. "Umeilazimisha, umeivunja."

"Umeivunja," akasema Mwangwi.

Huyo Mwangwi ni msaidizi wake, kijana mwenye tai na shahada mbili, na kazi yake, kwa jinsi nilivyoona mimi, ni kurudia. Profesa akipiga chafya, Mwangwi anajifuta pua. Naye alikuwa na nukta yake mpya kwenye kisanduku, anangoja nafasi kwenye mtungi.

"Mkaguzi wa wanaotupa fedha anakuja," Bwana Tone akaendelea. "Tutamwonyesha hiyo nukta yako mpaka kwenye alama, basi. Akiondoka tu, Fundi apashe mtungi moto, tuitoe, tuweke ya huyu."

"Profesa, nipe siku chache nirudie. Ikipashwa moto..."

"Nukta ziko nyingi."

"Ziko nyingi," akasema mwenye tai.

Sindano alirudi nyumbani akasimama mbele ya karai la vyombo, hakuviosha, akalia. Nikamwuliza, kwani haiwezi kupozwa tena? Akasema inaweza, lakini haitakuwa ile. Katika jiwe mna vitakataka ambavyo baridi imevigandisha mahali pake, na vikipata joto vinahama, na kiuwanja chote kinabadilika umbo. Hapo nikaelewa, kwa sababu hata chai iliyopashwa si chai ile.

"Kazi yangu yote iko mle, Bibi. Wakiitoa kabla sijarudia mbele ya mtu, nitabaki mtu aliyevunja kitu, kisha akasimulia ndoto."

"Siku ya mkaguzi jamaa wanaruhusiwa?"

"Mmoja mmoja. Ili tuonekane tunapendwa."

"Nipigie pasi gauni langu la buluu."

"Bibi. Usije ukasema neno."

"Neno? Mimi? Nitakuwa kimya kama kaburi."

Na kweli, alipoonekana Mkaguzi, sikusema neno la maana. Mtoto alinikataza mdomo, mikono hakuitaja.

Mlangoni pa maabara wana sinia. Unaweka humo kila chuma ulicho nacho, kisije kikaikimbilia sumaku. Nikaweka pini za nywele, funguo, kopo langu la ugoro, na kijiko ambacho sijui kiliingiaje mkobani. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, viatu bapa, mkoba wa ngozi uliochakaa kwa kazi. Yeye aliniamkia, tena kwa kuinama. Nikampenda hapo hapo. Wanafunzi wengine na jamaa zao walikuwa wamewekwa ukumbini na biskuti. Mimi niliponyoka nikawafuata wakubwa, nikijifanya natafuta choo.

Bwana Tone aliponiona ndani ya chumba cha sumaku alikunja uso. Lakini kumfukuza bibi kizee mbele ya mgeni hakupendezi.

"Mkalishe huyo bibi pale kwenye kona," akamwambia Mwangwi. "Asiguse kitu."

"Asiguse kitu," Mwangwi akaniambia, kwa sauti kubwa, kama vile uziwi ni jina langu.

Kona yenyewe ilikuwa na kigoda cha mbao, na kando ya kigoda, bega kwa bega na mimi, mashine ya mshale. Asante, baba. Kama ungeniweka kwenye kiti cha heshima ningekaa nikisinzia.

Bwana Tone akaipa mashine kisogo, akamkabili mgeni, akaanza. Hotuba ile naijua, Sindano huiigiza nyumbani akiwa na ndoo kichwani.

"Elektroni, Mama Mkaguzi, ni kama raia. Uongozi ukilegea, kila mmoja na lake. Uongozi ukikaza, wanakuwa kitu kimoja! Mimi ndiye niliyeonyesha jambo hilo. Kaza, watakusanyika. Kaza zaidi, watakusanyika zaidi."

"Zaidi," Mwangwi akasema.

Ukucha wa kidole gumba changu sijawahi kuukata mfupi. Umenifaa kwa maganda ya machungwa, na kwa miiba kwenye nyayo za watoto, na kwa bahasha ambazo si zangu. Nikaupitisha chini ya utepe. Gundi yenyewe ilikuwa imekufa zamani, mlinzi wa nyumba nzima amekauka kama ganda la kitunguu, ukatoka bila hata kulia. Nikalamba kidole, nikafuta kioo kikang'aa. Utepe nikauviringisha kwenye kidole cha mwisho.

"Nipandishe?" Fundi Baridi akauliza.

"Pandisha. Mpaka kwenye alama."

Sumaku haitaki pupa. Mshale ulipanda kama mtu mnene kwenye ngazi, na Bwana Tone akajaza nafasi hiyo kwa kueleza utoto wake, na jinsi mwalimu wake wa kwanza alivyoona nuru fulani machoni mwake. Sindano alikuwa ameketi mbele ya skrini, mgongo umenyooka kama msumari. Mstari ulikuwa unakwenda laini, haki yake isemwe.

Fundi Baridi akainama kwenye kioo. Akainama tena.

"Profesa, alama haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo. Nisimamie kwenye namba ngapi?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoifaidi siku yangu. Namba ile ni ya Bwana Tone, aliiandika mwenyewe kwenye ule ukurasa uliompa jina, lakini ni miaka hajagusa mashine wala kusoma aliyoyaandika, na nilimwona akiitafuta kichwani kama mtu anayetafuta funguo kwenye suruali ya jana. Akamgeukia Mwangwi. Mwangwi alikuwa anaijua, midomo ilimcheza. Lakini kutamka mbele ya mgeni neno ambalo Profesa hajalitamka bado, huo ufundi hakufundishwa. Mwangwi haujawahi kutangulia sauti.

"Kuna tatizo?" akauliza Mkaguzi.

"Tatizo? Hakuna! Fundi, endelea mpaka nitakaposema basi."

"Mpaka atakaposema basi," akasema Mwangwi, na jasho likamtoka.

Fundi Baridi akaendelea. Alipokuwa anajinyoosha, macho yake yakaangukia kwenye kidole changu. Akakitazama kwa muda.

"Bibi," akaninong'oneza, "umepaka rangi ya kucha?"

"Uzee mbaya, mwanangu. Napaka kidole kimoja kimoja."

Hakucheka. Lakini mabega yake yalitetemeka, na mkono wake ukaendelea kuzungusha.

Na Bwana Tone? Kusema basi alisahau kabisa, kwa sababu alikuwa amerudi kwenye ile nuru ya machoni mwake, na mtu akianza kuitazama nuru yake mwenyewe haoni tena mshale. Mshale ukapita mahali pa utepe. Paa halikuruka. Tumbo langu nililichunguza, nikaona la kuzaa lilishakwisha zamani, hakuna hasara.

Mstari ukavunjika goti.

"Na hapo?" Mkaguzi akanyoosha kidole kwenye skrini.

Bwana Tone akageuka. Akaona. Rangi ikamtoka usoni ikarudi imebadilika. "Ah. Hiyo nukta ni mbovu. Imepasuka. Nilimwambia huyu binti. Fundi, zima, anza kupasha moto mara moja."

"Mara moja," Mwangwi akasema, tayari ameshika kisanduku chake.

Fundi Baridi akaweka mkono kwenye mashine, akamtazama Sindano. Na mimi nilimtazama Sindano. Maneno nilikuwa nayo, yamejaa mdomoni kama punje za mahindi, lakini ile haikuwa nukta yangu. Nikameza.

"Rudisha chini polepole," Sindano akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilitoboa. "Mama Mkaguzi, naomba utazame. Kama imepasuka, mstari hautarudi."

"Nimesema zima!"

"Rudisha," akasema Mkaguzi, bila hata kugeuza shingo, na chumba kikajua nani anagharimia heli.

Mshale ukashuka. Mstari ukarudi nyuma, ukafika kwenye lile goti, ukalinyoosha, ukaendelea na njia ile ile iliyokuja nayo, laini, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kilichopasuka hakijishoni chenyewe, hilo hata sufuria zangu zinajua.

"Panda tena," akasema Mkaguzi.

Tukapanda tena. Safari hii hakuna aliyehutubia. Mkaguzi alikwenda kuegemea ukuta wa dirishani. Fundi alikuwa kwenye mashine yake, Sindano kwenye skrini, mimi kwenye kona. Na Mwangwi, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameganda kwenye ubavu wa Profesa kama kupe, nilimwona akirudi hatua kwa hatua, taratibu, kisigino kinatangulia, mpaka mgongo ukagusa mlango. Katikati ya chumba akabaki Bwana Tone peke yake. Nikahesabu: watano pembeni kwa duara, na mmoja katikati. Sindano naye akainua macho, akahesabu, akauma mdomo asicheke.

Mstari ukavunjika goti pale pale.

Nilidhani sasa Bwana Tone atazimia, au angalau atatoka nje akahesabu magari. Nilikuwa simjui bado. Alivuta koti lake, akakohoa, akampa Mkaguzi tabasamu.

"Kama nilivyokuwa nikihisi kwa muda mrefu," akasema, "tone lina mwisho wake."

Tukasubiri Mwangwi alirudie neno hilo. Hakulirudia. Alikuwa bado mlangoni, hajui aanguke upande gani.

"Kwa hiyo haipashwi moto leo," akasema Mkaguzi.

"Moto? Nani alisema moto?"

"Nani alisema?" akauliza Mwangwi, na akarudi ubavuni mwa bwana wake. Nguvu ilikuwa imeshuka, tone limekusanyika.

"Basi nataka kazi hii irudiwe kama binti anavyotaka yeye," Mkaguzi akasema, "kwa idadi mbalimbali za elektroni. Na matokeo aniletee mwenyewe kwa mkono wake." Kisha akanigeukia. "Bibi, umeelewa lolote?"

"Mimi mwanangu niliambiwa nisiguse kitu," nikasema. "Sijagusa."

Fundi Baridi akapata kikohozi, ikabidi atoke nje.

Nukta ilibaki kwenye baridi yake. Sindano alirudia kwa sita, kwa tano, kwa saba, na kila mara tone lilivunjika, kila idadi na mahali pake. Mkaguzi alipelekewa michoro, akaipokea kwa mikono yake miwili. Sasa Bwana Tone anazunguka kwenye mikutano akieleza habari za elektroni zinazosimama kwa duara, na anazieleza kana kwamba alizipanga yeye moja moja, kwa mabega. Jina la Sindano hulitaja mwishoni, watu wakiwa wanatafuta viatu. Wanafunzi wamembadilishia jina, wanamwita Bwana Duara. Nalo analipenda. Mtu wa namna hiyo hata ungemwita Bwana Shimo, mradi lianze kwa herufi kubwa.

Juzi Sindano alirudi nyumbani, akajitupa kwenye kiti, akacheka mpaka mama yake akatoka chumbani na mkono wa shati kwapani.

"Bibi, amebandika utepe mwingine."

"Wapi?"

"Mbele kidogo. Pale pale mchoro wangu ulipoishia. Na leo kaja mwanafunzi mgeni. Nimemsikia Mwangwi anamwambia: choo kile, chai pale, na hapa usipite."

"Mwekundu tena?"

"Safari hii wa njano."

Nikautazama ukucha wangu kwenye mwanga wa dirisha. Umekua vizuri.

"Waulize," nikamwambia, "jamaa wanaruhusiwa lini."